Bibi Odessa Asoma kwa Sauti ya Jikoni

Bibi Odessa alikuwa jikoni kwake, mjini Memphis, Marekani, akichambua mboga na kusonya. Simu ilikuwa mezani. Ndani yake mlikuwa na salamu alizoandika mjukuu wake Tavaris, baharia wa jeshi la majini.

Kila mwaka ukoo wao hukusanyika bustanini. Asiyeweza kufika hutuma salamu, na mkubwa wa ukoo huzisoma mbele ya wote. Mkubwa ni Bibi Odessa. Mwaka jana alisoma za Tavaris akiyakosea maneno, vijana wakagaragara kwa kicheko. Charlene, mama yake Tavaris, aliondoka mezani akilia.

"Safari hii mpe mtu mwingine asome, Mama," Charlene alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. "Mwanangu si kichekesho."

Maneno hayo yalimchoma Bibi Odessa.

Jirani yake Verlene, anayefundisha watu wazima kusoma kule maktabani, aliingia bila hodi, akamkuta akizinung'unikia salamu hizo.

"Hebu nisomee nisikie."

Bibi Odessa akavaa miwani na kunyoosha mgongo. Akatoa sauti anayosomea matangazo kanisani, nzito na ya pole pole. Neno "ion", la Kiingereza cha mitaani, akalisoma "ayoni". Kwenye "finna" akakwama kabisa.

"Maneno gani haya? Mtoto kasoma, halafu anaandika kama kuku kaparura!"

"Hiyo sauti ya kanisani ndiyo inayokuponza, Bibi," Verlene alisema. "Unayasoma maneno ya mtaani kama Zaburi! Huyu hakuandika kama walivyomfundisha shule. Kaandika kama mdomo unavyosema. Usilitazame neno herufi moja moja. Lisikie kwanza."

"Nitalisikia wapi, mzee mimi?"

Harufu ya kuungua ikatoka kwenye oveni. Bibi Odessa akaruka.

"Sogea, Verlene! Niko finna kutoa mkate wa mahindi!"

Verlene akapiga makofi. "Umelisema! Ndilo hilo! Maana yake niko mbioni, sasa hivi!"

Bibi akaganda, mkate mkononi. "Hilo? Hilo si la vijana! Marehemu mama alilisema kila siku. Walimu walitufinya masikio tuliache!"

"Basi Tavaris kalirithi kwako. Na 'ion' ni 'I don't', yaani 'mimi si', lakini kwa mdomo uliochoka. Tamka upesi: aon."

"Aon!" Bibi akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Kumbe nayasema tangu utoto!"

"Ukikutana na neno geni kabisa, mpigie Tavaris mwenyewe akutamkie. Kuuliza si ujinga."

Wakasoma tena na tena, kwa sauti ya jikoni. Bibi alifurahi kama mtoto aliyepata baiskeli.

Jumamosi, moshi wa mbavu za kuchoma ulitanda bustanini. Bibi Odessa alisimama na simu. Charlene akainamisha uso. Bibi akasoma kwa sauti ya jikoni:

"Oyaa, familia! Aon hata najua nianzie wapi. Chakula cha huku balaa tupu. Niko finna kurudi nyumbani, na Mama asiponipikia, nalala mlangoni!"

Hakuna aliyecheka vibaya. Kijana mmoja akapiga meza. "Mungu wangu, ni Tavaris mwenyewe kabisa!"

Watu wakalipuka kwa vigelegele. Charlene alikuwa amesimama, machozi na kicheko vimechanganyika. Akasahau kwamba mwanawe hayupo.

"Njoo, mwanangu! Njoo ule!" akaiambia simu.

Kisha akamshika Bibi Odessa mkono.

"Soma tena, Mama."