Taa Iliyozimwa Kabla ya Mwenzake

Taa ilikuwa imechomolewa. Mwantum aliuona waya kwa macho yake, umelala sakafuni mbali na batri, lakini ukuta wa chumba cha mwanawe ukawaka kijani. Ukawaka tena. Kisha giza. Akasimama mlangoni na sufuria ya maharage mkononi. Ukawaka, ukawaka, kisha giza.

"Lubna, umechezea taa ya baba?"

"Apana, mama," mtoto akajibu kutoka kitandani. "Mi nimelala tu."

Taa ile ya kijani ilikuwa imekaa mwisho wa gati la bandari tangu Mwantum hajazaliwa. Mumewe Ilias ndiye aliyeitunza, pamoja na maboya ya karibu: kukwangua kutu, kupaka rangi, kufuta kioo kilichochafuliwa na ndege, ili mitumbwi ya kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, isije ikapanda juu ya kuta za nyumba ambazo ziwa lilizimeza lilipojaa. Sasa ofisi ya bandari ilikuwa imeleta taa ya sola, kipande kimoja cha plastiki kisicho na kioo cha kufuta, kinachojiwasha chenyewe giza likiingia. Ya zamani iliamriwa itupwe. Ilias hakuweza. Lubna aliogopa giza, na umeme wa mtaa wao wa Kinanira hauna ahadi. Akaifunga ile taa nyuma ya baiskeli, akaifunika kwa koti lake, akaisukuma kupanda kilima huku yeye mwenyewe akilowa mvua. Akaiunganisha na batri kando ya kitanda.

"Bonyeza, binti yangu."

Lubna akabonyeza kwa kidole chake. Jua lilikuwa bado halijazama, na ile ya sola kule gatini ilikuwa haijawaka.

"Marehemu Mzee Atumani angekuona leo angekuchapa kofi," Mwantum alimtania.

Mzee Atumani ndiye aliyemfundisha Ilias kazi, na sharti lake lilikuwa moja: taa ya ziwani haizimwi kabla mwenzake hajawaka. Mpya iwake kwanza, ziangaliane, ndipo ya zamani izimwe, ili kinachokaa ndani kipate pa kuhamia.

Ilias alicheka akikamua shati lake. "Mi nisimame kwa gati nangojea giza, na mvua hii, na we uko peke yako na mimba ya miezi saba? Mzee alikuwa na maneno mingi, Mungu amurehemu."

Huo ulikuwa upendo wake, na Mwantum aliupokea hivyo.

Siku iliyofuata ule mwanga wa ukutani, nyumba ilinuka. Ilikuwa harufu ya ndagala mbichi na mafuta ya taa, ingawa ndani hamkuwa na kimojawapo. Mwantum alipiga deki kwa sabuni, akaanika magodoro juani, na harufu ikabaki. Shuka la Lubna lililowa kila asubuhi. Mwantum alidhani ni mkojo, mpaka alipolikamua na jani la magugu ya ziwani likamnata kidoleni.

Mwantum alipomwonyesha lile jani, Ilias hakubisha. Aliirudisha taa kwenye gati kwa baiskeli ileile, akaiwasha mchana kweupe kando ya ile ya sola, akaomba msamaha kwa sauti huku wapakuaji mizigo wakimcheka, kisha akaizima na kuitupa majini. Alirudi akiwa mwepesi, akambeba Lubna mabegani, akaimba. Mwantum akapika wali. Dorothée, mwenye nyumba wao, mama wa kanisa asiyepitisha siku bila kuuliza hali ya mimba ile, akaleta ndizi mbivu, wakala wote.

Maghribi ilipoingia, umeme ukakatika, na ukuta ukawaka kijani.

Mwantum aliingia chumbani akipapasa, akautazama ukuta, akaitazama meza tupu ilipokuwa taa, akageuka polepole kufuata mwanga unakotoka, kama mtu anayefuata moshi hadi jikoni, na mwisho wa mwanga ule alikuwa Lubna, amesimama dirishani kuelekea ziwa, mikono imenyooka ubavuni, akifumbua macho na kufumba, akifumbua na kufumba, na kila alipofumbua, pazia, kitanda, kuta na tumbo la mama yake vilikuwa kijani.

"Yesu wangu," Dorothée alinong'ona nyuma yake. Hakukimbia. Alimshika Mwantum kiunoni asianguke, akakaa naye sakafuni, wakalia bila sauti.

Bi Houda aliletwa kutoka mtaa wa Buyenzi asubuhi, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyewahi kutoa majini kwenye nyumba nyingi. Alifukiza ubani, akamweka Lubna mapajani kama mjukuu wake, akafungua msahafu, akasoma. Alisoma mpaka kanzu ikamganda mgongoni kwa jasho. Ndipo kinywa cha mtoto kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayesema kutoka ndani ya pipa lenye maji.

"Munanifukuza nini? Mi sikumuingia mutoto. Nilizimwa, nikawashwa. Kidole ni chake."

"Rudi ziwani," Bi Houda akasema.

"Kule mumeweka kitu haina ndani. Nikae wapi?"

Ilias akapiga magoti. "Kaa kwangu. Mi ndiye nilikosa. Hama, uje kwangu, umuache mutoto."

Macho ya Lubna yakamgeukia, yakamchungulia muda mrefu.

"Macho yako imechakaa. Mi nakaa kwa kioo safi." Kisha, taratibu, kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana: "Na desturi munaijua. Mpya ikiwaka, ya zamani inazimwa."

Bi Houda akafunga msahafu. Alijifuta uso, akavua ushungi wake mzuri akamfunika nao mtoto.

"Mwanangu," akamwambia Mwantum, "kilichoingia kwa nguvu nakijua kukitoa. Hiki kiliwashwa kwa mkono. Nikikitoa, namuzima."

Basi wakabaki nacho. Mchana Lubna alikuwa Lubna, alicheza na sahani zake za udongo na kuuliza maswali, ila mikono yake ilizidi kukonda. Jioni aliinuka popote alipokuwa, akaenda dirishani. Wavuvi walimsimamisha Ilias bandarini kumshukuru: ile taa yenu ya mlimani inatusaidia sana, kaka, ile ya sola haionekani kitu. Ilias aliitikia kwa kichwa, akashindwa kuinua brashi siku nzima.

Dorothée alishona mto mdogo, akaufunga juu ya kigoda, mtoto apate kuwaka akiwa ameketi. Mwantum alimfunika kitenge, akamlisha uji kijiko kwa kijiko katikati ya mwanga na mwanga. Giza la katikati lilikuwa likirefuka. Alilijua, maana ndani ya giza lile alikuwa akizuia pumzi.

Jioni moja giza lilirefuka kuliko zote, na ndani yake Lubna akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya usingizi, "Mama, nimechoka."

"Najua, mama yangu. Egemea hapa."

Akaegemea. Akaweka kiganja kwenye tumbo la mama yake, kiganja baridi kama samaki, akakiacha hapo.

"Huyu naye, macho yake iko tayari?"

Mwantum alitaka kuuondoa mkono ule na hakuweza, maana ulikuwa mkono wa mwanawe. Na chini ya mkono, ndani ya tumbo, mtoto akapiga teke. Akapiga tena. Kisha kimya.

Teke, teke, kisha kimya.

Mwantum akamkumbatia Lubna, akamfunika macho kwa kiganja, kama upepo ndio unaotaka kumzima. Kope za mtoto zikamgusa kiganjani mara moja, polepole, kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe waliolala. Akangoja zimguse tena. Nje, mitumbwi ilikuwa imeshaanza kutoka, na pale dirishani, kwa mwanga uliotoka tumboni mwa Mwantum kupitia kitambaa cha gauni lake, kioo kikaanza kuwaka kijani.