Jina la Mtu Asiyeliliwa

Bendera ilipokwisha kupanda, prefe Kyungu, mkuu wa shule, alifungua daftari lake na kuwaita walimu mmoja mmoja, kama alivyofanya kila Jumatatu. Alipofika kwa mwalimu wa hesabu, akapaza sauti, akianza na neno la Kifaransa la 'raia', kama serikali ilivyotaka:

"Sitwayeni Tshilombo!"

"Niko," akajibu Laurentine.

"Niko," akajibu mwingine.

Sauti ya pili ilikuwa ya mwanamume, nzito, kama ya mtu aliyemeza vumbi. Ilitoka chini, karibu na miguu ya Laurentine. Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Nani anacheza pale?" prefe akafoka. "Hapa ni masomo, hapana soko ya Manika!"

Kisha prefe akaendelea na majina yake. Lakini Feruzi, sekretere wa shule, aliyesimama mlangoni pa ofisi, hakucheka. Aliijua sauti ile. Aliisikia kila asubuhi kwa miezi saba, mwaka wa hamsini na saba, kabla shule haijawa shule.

Mke wake Zena alikuwa amefariki miezi minne tu nyuma. Watu walijaa nyumbani, mikeka ikatandikwa, Korani ikasomwa, na kwa siku arobaini hapakupita jioni bila mtu kuja kusema pole. Siku hizo zote Laurentine alilala pale pale, akipika na kufagia. Feruzi na Zena hawakujaliwa mtoto. Laurentine alikuja kutoka Sandoa akiwa msichana wa bweni, mwembamba, mwenye kikohozi, na Zena akaanza kumsuka nywele kila Jumapili. Tangu hapo alimwita Zena mama, na Feruzi akamwita baba. Sasa alikuwa mwalimu pale pale aliposomea, ameolewa na Mwenze, fundi wa reli huko Tenke, na alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mwaka ule, themanini na tatu, shule ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Prefe alimwomba Feruzi aandike historia yake, isomwe siku ya sherehe mbele ya wazazi.

"Tata Feruzi, sisi wote tulikuta nyumba imekwisha kujengwa," alimwambia. "We peke yako njo uliona udongo bado ya wazi."

Feruzi aliandika kwa mwandiko wake mzuri. Aliandika jinsi mapadri walivyofungua madarasa manne ya kwanza, jinsi serikali ilivyoichukua shule na baadaye kuirudisha, na jinsi vita vya sabini na nane vilivyoiacha bila kioo hata kimoja dirishani. Na juu kabisa, kwenye mwanzo wa mambo yote, aliandika mstari huu: Misingi ilichimbwa mwaka 1957, na kazi ikaenda vizuri. Kila alipoupitia mstari ule, alijikuta ameweka kalamu chini. Akadhani ni msiba tu, bado haujamtoka mwilini.

Siku ya Jumatano, saa ya mapumziko, Laurentine aliingia ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Baba, angalia mikono yangu."

Akaifungua. Viganja vilikuwa na sugu ngumu, za manjano, zilizopasuka kama za mchimbaji. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu.

"Mi nashika chaki tu," akasema kwa sauti ya chini. "Chaki na kijiko. Hii inatoka wapi?"

"Labda kulima..."

"Na hii tumbo, nitalima vipi? Baba, sikia. Jana niligeukia ubao, niandike hesabu ya batoto. Nilipomaliza banacheka. Naangalia: nimeandika mistari tu. Mistari mitano-mitano, imekatwa, toka juu mpaka chini. Siku za kazi, sawa vile bantu ba zamani walihesabu kwa tikiti ya mushahara." Akashika tumbo. "Na mutoto..."

"Mutoto ana nini?"

"Hachezi tena. Nikilala hachezi, nikila hachezi. Anacheza tu prefe akiniita. Akisema Tshilombo, pale njo anaruka, sawa mutu amesikia jina yake."

Feruzi alisikia harufu ya chokaa mbichi na udongo wa mvua, ingawa nje jua lilikuwa kali na dirisha limefungwa. Alitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno. Akasema:

"Tutamwita Mwalimu Abedi akusomee."

"Mi ni mukatoliki, baba."

"Mungu ni mmoja."

"Aksanti, baba," akasema Laurentine.

Akatoka akiwa amefarijika, na Feruzi akabaki na aibu yake, kwa maana alikuwa ameshukuriwa kwa uongo.

Mwalimu Abedi alikuwa mzee wa Kimaniema, mwenye lori moja bovu na chuo cha Korani cha watoto nyuma ya nyumba. Watu wa dini zote walimwendea wakisumbuliwa na majini. Alikuja Ijumaa, alasiri ikienda kwisha, wanafunzi wamekwisha kutawanyika. Wakaingia darasa la Laurentine. Abedi akamkalisha kwenye kiti, akaweka bakuli la maji, akamfunika kichwa kwa kitambaa cheupe, akaanza kusoma.

Mwanzoni ilisikika sauti ya Abedi tu. Kisha Feruzi akasikia chini ya sakafu sepeto ikikwangua, mara moja, ikatulia, mara ya pili, na kila ilipokwangua maji ya bakuli yalitikisika. Wingu la mvua likafunika dirisha, darasa likawa kijivu, na harufu ya chokaa ikapanda kutoka sakafuni, ikajaza pua na mdomo, hata Abedi akakohoa katikati ya aya, akasoma tena, akapaza sauti zaidi, huku sepeto nayo ikienda haraka zaidi, ikipanda, ikikaribia, kama mtu anayejichimbua kwa pupa asije akaishiwa pumzi, mpaka kitambaa cheupe kikaanza kuingia na kutoka mdomoni mwa Laurentine kwa pumzi ambazo hazikuwa za mwanamke.

"Toka, we jini!" Abedi akaamuru. "Kwa jina la Mwenyezi Mungu, toka kwa mutoto wa bantu!"

"Mi hapana jini," ikasema ile sauti ya vumbi.

"We nani?"

"Mi ni mutu. Baliniita, nikakuya."

"Nani alikuita?"

Kitambaa kikageuka taratibu kuelekea ukutani, alikosimama Feruzi.

"Ule wa kalamu."

Abedi akafunga kitabu. Alimtazama Feruzi kwa muda mrefu, bila hasira. Kisha akamwondolea Laurentine kitambaa, akampangusa uso kwa maji. Laurentine alikuwa macho. Alikuwa amesikia yote.

"Feruzi," Abedi akasema, "kisomo yangu ni ya majini. Huyu ni mwenzetu aliyekufa, na we unamujua. Zamani aliitwa lakini hakukuwa na mulango. Sasa mulango uko." Akaonyesha tumbo. "Mwezi ujao atapita. Sema, yakiwa bado yanasemeka."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Feruzi aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa ubao, akasema.

Mwaka wa hamsini na saba alikuwa karani wa majina kwenye ujenzi. Kila alfajiri aliwaita wachimbaji. Mmoja alikuwa Tshilombo, mtu wa Kasai, mkimya, asiye na mke wala ndugu mjini. Siku moja ya mvua ukuta wa mfereji wa msingi ulimwangukia. Walimchimbua akiwa amekufa, wakamzika jioni ile ile nyuma ya lundo la mchanga, na kesho yake watu wakarudi kazini. Hakuna aliyeketi chini. Hakuna aliyelia. Karani aliweka msalaba mdogo mbele ya jina, akageuza ukurasa. Baadaye madarasa yaliongezwa upande wa nyuma, na leo hakuna awezaye kusema amelala chini ya sakafu ipi.

"Kisha ikaja amri ya serikali juu ya majina," Feruzi akaendelea. "Sabini na mbili. Majina ya ubatizo yaondoke, kila mutu aandikwe jina ya mababu. Orodha iende Jumamosi. Tuliwaandikia wazazi wote. Ijumaa jioni mstari moja tu ulikuwa haina kitu."

"Yangu," akasema Laurentine.

"Yako. Nilikuwa nimechoka. Daftari ya zamani ya ujenzi ilikuwa mezani, imefunguka. Niliandika jina iliyokuwa karibu na jicho."

Laurentine akafikiri. "Bangine walinicheka. Mulunda wa Sandoa mwenye jina ya Kasai. Lakini baba, ulichoka, ulikosea. Kwa nini unaogopa hivi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Feruzi angeweza kunyamaza hapo, na msichana angemsamehe jioni ile ile.

"Barua ya baba yako ilifika," akasema. "Jumanne yenye ilifuata. Aliandika Kabwit, jina ya kambo yako, bibi mwenye kuzaa baba yako. Aliomba sana. Lakini mukaguzi alikuwa amesifu ukurasa wangu, safi, haina mahali pa kufutwa hata moja. Nikaweka barua kwenye moto ya jikoni. Zena hakujua."

Laurentine hakulia. Alishika ukingo wa meza kwa ile mikono yenye sugu.

"Ilifika," akasema polepole. "Baba yangu alikufa akisema mi nilikataa jina ya mama yake. Nilienda Sandoa nipige magoti, hakufungua mulango. Alisema, enda kwa hao Bakasai yako. Miaka yote mi nilijiuliza nilimukosea nini. Nililia kwenu, kwenye mukeka ya Mama Zena. Na we ulininyamazisha. Ulinipangusa machozi."

"Ndiyo."

"Na kitambaa yako."

"Ndiyo, mutoto wangu."

"Usiniite vile."

Sherehe ilikuwa Jumapili iliyofuata. Feruzi alimwonyesha prefe historia mpya, na prefe akasoma akishika kichwa.

"Tata, hii hapana. Bazazi watatoa batoto! Nani atasomesha mutoto juu ya kaburi?"

"Basi usinipe nafasi ya kusoma."

Prefe alitembea mpaka dirishani na kurudi. Alikuwa amesikia "niko" ile ya pili, naye. "Soma," akasema mwishowe. "Lakini soma haraka."

Feruzi hakusoma haraka. Mbele ya wazazi, viongozi na wanafunzi waliovaa mashati meupe, alisoma kwamba shule hii ilianza na mtu aliyeitwa Tshilombo, aliyekufa akichimba msingi wake, na kwamba aliyemwandika na kumnyamazia ndiye anayesoma. Kisha akasoma habari ya barua na jina la Kabwit. Watu wengine waliondoka wakiwavuta watoto. Mwanamume mmoja alitema mate chini. Wengi walibaki, kwa maana msiba ukishatajwa, mtu mzima haupi kisogo.

Mama Henriette, mwenye kuongoza nyimbo kanisani, akavua viatu. Mikeka ikaletwa nyuma ya madarasa. Ndipo Abedi akasimama akauliza, kama desturi inavyotaka:

"Mufiwa ni nani? Matanga haikosi mwenyewe. Tutampa nani pole?"

Watu wakatazamana. Hata Wakasai waliokuwapo walitikisa vichwa. Hawakujua ukoo wake.

Feruzi akatoka mbele. Abedi akamkamata mkono, akamnong'oneza: "Angalia vizuri. Ukikaa kwenye mukeka hii, we njo nyumba yake. Maiti anarudi kwa ndugu, harudi kwa mutu mwingine."

"Anatafuta mlango," Feruzi akajibu. "Achukue wangu."

Akavua kofia, akaketi chini. Mama Henriette akaanza kulia kwa sauti, wanawake wakapokea, na kilio kilichochelewa miaka ishirini na sita kikapanda juu ya mabati. Mmoja mmoja walipita wakimshika Feruzi mkono. "Pole, tata. Pole kwa ndugu." Laurentine alipita wa mwisho. Hakumpa mkono. Alisimama pembeni, mkono tumboni, na Mama Henriette akamwita kwa sauti ili wote wasikie:

"Kabwit! Mutoto wa Sandoa!"

Wakangoja. Chini hapakutoka sauti. Laurentine akashtuka, akainamia tumbo lake.

"Amecheza," akasema. "Mama, amecheza."

Alijifungua wiki tatu baadaye. Msichana, mwenye sauti kali, aliyewaamsha jirani wote. Habari hizo Feruzi alizipata kwa prefe. Laurentine alirudi kazini na mtoto mgongoni, viganja vyake vimelainika. Akikutana na Feruzi barazani alisema, "Yambo, sekretere," akapita. Na Feruzi alijibu, "Yambo, madamu," kwa sababu hakuwa na haki ya kusema zaidi.

Siku moja alirudi nyumbani mapema. Nyumba ilikuwa kimya kama ilivyokuwa tangu Zena aondoke. Akatawadha, akatandika msala sebuleni, akaswali alasiri peke yake. Alipomaliza aligeuza uso kulia akatoa salamu kwa malaika, kama kila Mwislamu. Kisha akageuza uso kushoto, upande wa kiti ambacho hakuna aliyekikalia tena, akatoa salamu ya pili.

Na kutoka kwenye kiti kile mtu akamwitikia, kwa sauti iliyotokwa na vumbi sasa, kwa neno ambalo watu wa Kasai husalimiana nalo, na ambalo kwa Waswahili ni kile kinachompiga mtu kifuani.

"Moyo," ikasema. "Moyo, ndugu yangu."