Hatua Nne Mbele ya Karakana

Ndugu zangu, hasa ninyi mliojenga kando ya barabara, sogeeni karibu. Nataka kuwaeleza yaliyoipata nyumba moja, na sitawaeleza kwa nia ya kumsema mtu. Wenyewe wapo, wazima, na wanajua kwamba nawasimulia.

Nyumba ya Fundi seremala ilikuwa ya mwisho mtaani, pale barabara inapopinda kuelekea zahanati. Ukipita asubuhi ungesikia randa ikiteleza juu ya ubao, na harufu ya mbao mbichi ingekufikia kabla hujaiona karakana. Mkewe alifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na tisa, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Alipostaafu alipenda kuketi barazani na kikombe chake cha chai, akimchokoza mumewe.

"Baba, hilo kabati limeinama."

"Kabati limenyooka. Shingo yako ndiyo imeinama," Fundi angejibu bila kuinua kichwa, na wote wawili wangecheka.

Asubuhi moja kikombe kilimponyoka Mwalimu. Fundi alifikiri ni uzembe tu, akataka kumtania. Alipogeuka akaona mdomo wa mkewe umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Kilikuwa kiharusi.

Alikaa hospitalini mwezi mzima. Aliporudi, mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta na maneno yalikuwa yakimkwepa. Alitaka kusema "kijiko", likatoka "kiatu". Akili yake ilikuwa kamili. Ulimi tu ndio uliokuwa umepotea njia. Dada wa mazoezi pale zahanati alimwambia waziwazi:

"Mwalimu, dawa peke yake haitakurudisha. Tembea. Kila siku nusu saa, mahali palipo tambarare. Huo mguu ni mwanafunzi wa darasa la kwanza, unaanza upya. Kazi hiyo unaijua kuliko mimi."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Lakini angetembea wapi? Uani mlijaa mbao zilizopangwa kwa ajili ya kukauka, na kutoka barazani hadi langoni zilikuwa hatua kumi na saba, tena za kupenyapenya. Na nje ya lango? Hapo ndipo penye habari yetu.

Wapimaji walipoupima mtaa huo zamani, waliacha ukanda wa wazi kando ya barabara, ili watu wapite kwa miguu. Miaka kumi na miwili kabla ya ugonjwa wa Mwalimu, Fundi alipata kazi kubwa ya madawati akakosa pa kukaushia mbao. Siku ya Jumapili alichomoa nguzo za uzio wake na kuzisogeza hatua nne kwenda mbele, mpaka ukingoni mwa lami. Yeye alishika ncha moja ya kamba ya kupimia. Ncha ya pili aliishika Mwalimu.

"Ni kwa muda tu," Fundi alisema.

Hilo neno "kwa muda", ndugu zangu, nalijua tunavyolipenda! Madawati yakaisha, yakaja makabati, yakaja milango, na uzio ukabaki palepale. Majirani waliona. Hakuna aliyefungua mdomo, maana huyu alikuwa amesogeza kibanda chake, na yule ukuta wa bustani yake. Lakini kwa wengine mpita njia aliweza kujipenyeza. Kwenye kona ya Fundi hapakuwa na pa kujipenyeza. Upande mmoja uzio, upande wa pili mtaro. Katikati lami, na magari.

Basi ikatangazwa kwamba baraza la mji limetenga fedha za kujenga njia moja ya waenda kwa miguu. Kata mbili zilikuwa zikiiwania. Kwa upande wa mtaa huu, njia ingeanzia shule ya msingi hadi zahanati. Jirani yao mmoja, Mama Pacha, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini. Alimkuta Fundi kazini na Mwalimu kibarazani.

"Njia ya kutembea!" Fundi alisema, akipuliza vumbi la mbao kwenye patasi. "Watu wana miguu, wanatembea siku zote. Baraza lifanye mambo ya maana."

"Shemeji, ngoja nikuambie. Pale kwenye kona yako mtoto mmoja namweka mgongoni, mwingine namshika mkono. Nikisikia lori nafumba macho namwomba Mungu."

"Usifumbe macho. Liangalie hilo lori."

Mwalimu alijikaza. "Baba, ule... ule m..."

"Mke wangu anasema amechoka," Fundi akamalizia. "Karibu siku nyingine."

Hakuwa akisema amechoka. Tangu augue, mumewe alikuwa na tabia hiyo ya kummalizia sentensi. Aliifanya kwa huruma. Mara nyingi alipatia. Siku hiyo hakupatia, na Mwalimu alimwona Mama Pacha akiondoka na karatasi zake kwapani, akajisikia ameonewa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Siku mbili baadaye, Fundi alipokwenda kupeleka kitanda kwa mteja, Mwalimu alichukua mkongojo wake akatoka. Alikata shauri kwamba nusu saa yake ataipata barabarani, liwalo na liwe. Alifika kwenye kona. Akasikia honi nyuma yake. Mguu mzima ungeruka. Ule wa kulia ulichelewa. Dereva wa lori alijitahidi kukwepa, na gari halikumgusa, ila Mwalimu alijitupa pembeni, akaugonga uzio wa mumewe, uzio ukamrudisha, akaangukia mkono wa kushoto kwenye lami. Mkono wake mzima. Ukavunjika kifundo.

Fikirieni hali ya nyumba ile sasa. Mkono wa kulia hauna nguvu, wa kushoto uko ndani ya plasta. Fundi ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamfunga kilemba, kwa vidole vyake vigumu vilivyozoea nyundo. Hakulalamika hata siku moja, na hilo lazima nimpe haki yake.

"Si nilikwambia usitoke?" alimuuliza jioni moja, akimfuta uji kidevuni.

"Nitembee... wapi?"

Fundi akakoroga uji uliokuwa umeshapoa.

Siku ya kikao cha wazi ilikuwa Alhamisi alasiri, katika ukumbi wa baraza la mji. Viti vya plastiki vilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mwalimu aliomba aende. Fundi alidhani mkewe anataka tu kubadilisha hewa, akamvalisha vizuri, akamkalisha safu ya pili karibu naye.

Mhandisi wa mji alibandika ramani ukutani. "Kwingine kote panapitika, isipokuwa hapa," alisema, akigonga kona kwa kalamu. "Kwenye ramani pana ukanda wa umma. Nilipokwenda kupima nikakuta uzio. Bila kona hii njia inakatika, na watu watarudi barabarani pale ambapo ni hatari zaidi. Tukishindwa kukubaliana leo, mradi unakwenda kata ya pili."

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimwita mwenye uzio. Fundi akasimama. Alikuwa amevaa shati lake la harusini na misibani.

"Mheshimiwa, uzio ule uko pale tangu nilipojenga. Ramani zinakosewa. Mimi ni mtu wa kazi, sijawahi kuchukua cha mtu, na majirani zangu wako hapa, waulizwe."

"Wakazi," mwenyekiti akasema, "kuna anayekumbuka vinginevyo?"

Mama Pacha hakuweza kusema neno, kwa kuwa alihamia mtaani miaka mitano tu nyuma. Waliokumbuka walikuwa wengi. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu, mwingine akawa na shughuli kubwa sana kwenye simu yake.

Mwalimu aliwatazama. Wengine aliwafundisha kusoma, yeye mwenyewe. Akamtazama mumewe, mtu aliyemwogesha asubuhi ileile, na moyo ukampasuka vipande viwili. Angemwaibisha vipi mbele ya watu? Lakini akakumbuka mlio wa honi nyuma yake, na watoto wa Mama Pacha. Akauegemea mkongojo kwa kiwiko, akainuka. Ilimchukua muda.

"Mlango," alisema. Akatikisa kichwa kwa hasira. "Si mlango. Uzio. Uzio tuli... tuliusogeza."

"Mke wangu, kaa. Unaumwa," Fundi alinong'ona.

"Naumwa mguu. Kumbukumbu... haiumwi."

Mwenyekiti akasema, "Mwacheni amalize. Tuna muda."

Basi akamaliza, neno moja moja, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Alisema hatua ni nne. Alisema ilikuwa Jumapili. Aliinua mkono wenye plasta akaonyesha alivyoishika kamba. "Mimi hapa. Yeye kule. Sisi wawili. Tulisema kwa muda." Akapumua. "Na pale... ndipo nilipoanguka. Kwenye uzio wetu."

Nataka msikie vizuri neno alilotumia. Hakusema "alisogeza". Alisema "tulisogeza". Angeweza kuutupa mzigo wote kwa mumewe, na watu wangemhurumia. Hakufanya hivyo.

Fundi alitazama viatu vyake. Kisha akatoka ukumbini. Madiwani wakapiga kura, tisa wakakubali na wanne wakakataa. Njia ikapita, kwa sharti kwamba uzio urudi mahali pake ndani ya siku thelathini.

Siku kumi na moja zilizofuata Fundi hakusema neno na mkewe. Alimlisha kwa wakati, alimwogesha kwa wakati, alimpa dawa, lakini kinywa alikifunga. Mwalimu alisema nami baadaye kwamba afadhali angemfokea. Alikuwa akitazama mkono ule wenye kijiko ukija na kurudi, asijue kama ni mkono wa mume au wa muuguzi aliyekodiwa.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alisikia nyundo. Akajiburuta hadi upande wa karakana. Fundi alikuwa amevua shati, anang'oa misumari ya uzio mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amemwita mtu amsaidie.

"Ungeniambia nyumbani," alisema bila kugeuka. "Si mbele ya mji mzima."

"Nilikuambia," Mwalimu alijibu. "Mara tatu. Hukungoja... nimalize."

Nyundo ikasimama. Fundi alikaa juu ya rundo la mbao, akaufunika uso kwa viganja. Mwalimu hakujua kama analia au anafikiri, akaenda akakaa kando yake. Walikaa pale mpaka jua likawafikia miguuni.

"Zilikuwa hatua nne na nusu," Fundi akasema hatimaye. "Ulipokuwa unatazama pembeni nilivuta kidogo."

Hapo Mwalimu alicheka, kicheko cha upande mmoja, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Nafasi ya kukaushia mbao ilipungua, na Fundi ilimbidi aache kazi kubwa, akabaki na viti na milango. Majirani watatu waliona aibu wakarudisha kuta zao. Wa nne hakurudisha mpaka alipoletewa barua mbili za baraza, na hadi leo akikutana na Mwalimu hamsalimu. Mkono wa kulia wa Mwalimu haujarudi wote.

Lakini njia ilijengwa, na ina upana wa watu watatu. Mwezi ule ilipofunguliwa, Mwalimu alitembea kutoka langoni kwake hadi zahanati. Mtu asiye mgonjwa hutumia dakika kumi na tano. Yeye alitumia saa nzima, akipumzika mara sita. Mumewe alikuwa nyuma yake kidogo njia nzima, akisema anakwenda kununua misumari, ingawa upande ule hakuna duka hata moja. Wakiwa njiani Mwalimu alianza kumwambia jambo, neno likamkwama. Fundi akasimama, akaweka mikono nyuma, akangoja.

FUNZO

Wapendwa, kile kilicho cha wote huwa hakina mlinzi mpaka mmoja wetu akubali kuwa mlinzi wake. Tunalaumu baraza kwamba halitujengei njia, na huku njia tumezifungia ndani ya nyua zetu. Kabla hujaenda kwenye kikao kunyoosha mkono, zunguka kwako kwanza ukaangalie uzio wako umesimama wapi.

Na kwa ninyi mliofunga kamba za viatu siku ile, kunyamaza nako ni kushika ncha ya kamba. Yule mwanamke alikuwa na kila kisingizio cha kukaa kimya: ugonjwa, ndoa, ulimi usiomtii. Sisi wenye ndimi nyepesi tulikuwa na kisingizio gani?

La mwisho nawaambia wenye kuuguza. Mgonjwa wako akianza sentensi, usimmalizie. Huenda hilo unalomkatisha ndilo ambalo nyumba yako, na mtaa wako, vinahitaji kulisikia.