Nilimwambia Afande "Kalibu"

Nina miaka thelathini na mbili, nauza mboga za kienyeji hapa Kanduyi, na ilibaki kidogo tu niolewe na mtu bure kabisa. Mkitaka kunicheka, chekeni.

Anaitwa Wafula, karani wa korti. Sheria zote alikuwa nazo mdomoni, ati. Tukila ananihutubia: polisi akitaka kukupekua bila kibali, muulize jina, muulize sababu, na mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Mimi namwongezea ugali nikimwona kama jaji. Shida yake ilikuwa ulimi wangu. Sisi wa Bungoma r na l tunazichanganya, basi akanifunza wiki nzima kusema "karibu", sio "kalibu", ndiyo anipeleke Kitale kwa mamake bila aibu.

Siku yenyewe nilivaa kitenge kipya. Nilimbebea mama mkwe majivu ya maganda ya maharagwe, yale tunayochujia munyu wa kulainisha mboga, nimeyafunga kwa gazeti.

Tuliposhuka steji ya Kitale, saa nne asubuhi, polisi mwanamume akanisimamisha. Anataka mkoba. Hakusema jina, hakusema sababu. Nami, kwa woga na adabu za kijinga, nikamwambia, "Kalibu, afande."

Si nilikuwa nimemkaribisha mwenyewe? Akacheka, akanusa yale majivu, akasema ni dawa za kulevya. Halafu mikono yake ikaanza kupanda kifuani mwangu, mchana kweupe, watu wakiona...

Nikamgeukia Wafula, mwanasheria wangu. Afande akamuuliza kama tuko pamoja. Wafula akanyoosha tai, akasema, "Huyu? Simjui."

Simjui! Na miaka miwili anakula ugali wangu.

Aliyenitetea ni mama mmoja muuza viatu vya mitumba. "Afande, mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Na hayo ni majivu ya munyu, bana. Kwenu hamli mboga?" Watu wakaanza kusogea. Afande akamwaga majivu yangu chini, akaondoka akijifanya anapokea simu. Wafula alikuwa ameshavuka barabara.

Nilirudi Kanduyi peke yangu nikilia. Yule polisi nilimsahau siku hiyo hiyo. Lile neno moja la Wafula ndilo lililonikalia rohoni.

Dada zangu, msipite nilikopita. Adabu wekeeni wageni. Ukisimamishwa, uliza jina na sababu, na udai polisi mwanamke. Na mwanaume anayekurekebisha ulimi, mchunguze kwanza kama ulimi wake hufanya kazi siku ya shida.

Jumapili Wafula alikuja na soda mbili, akabisha hodi. Ati aliogopea kazi yake. Jirani akaniuliza kwa dirisha, huyo mgeni ni nani mbona humfungulii?

Nikamjibu, "Simjui."