Kopo Lililorudi na Asali

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Sukuma tu geti, halijafungwa. Mimi kuinuka siwezi."

Na kweli Penina asingeweza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, miguu ameinyoosha, ungo wa karanga za kukaanga uko mapajani, anafikicha maganda kwa viganja vilivyokwisha kuota malengelenge. Pembeni yake sufuria mbili za juisi ya rosela zilikuwa zinapoa. Maembe ya jam yalikuwa hayajamenywa hata moja, na moshi wa mkaa ulikuwa umemkaa machoni tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi na Chang'ombe ya Dodoma nzima ilikuwa jikoni, ila wenzake walikuwa wanapikia matumbo yao.

Penina alikuwa anapikia ukoo. Kwao Zablon, mwenzi wake, mwanaume akitaka kufunga ndoa, bibi harusi anapeleka kila nyumba ya ukoo kitu alichokiandaa kwa mkono wake, ili watu waonje wajue anayeingia ni mtu wa namna gani. Penina walishamjua vizuri tu. Miaka tisa alikuwa ameishi na Zablon bila cheti, amewapikia misiba, amewauguzia wazee. Lakini mama mkwe alisema mila ni mila, na harusi ikiangukia msimu wa sikukuu basi zawadi ziwe za Krismasi hasa, siyo vikopo viwili vya kuombea radhi.

Basi akapika. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Kanisani walikwishatangazwa mara mbili, na kesho ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Penina aliisubiri hiyo kesho kama mtu anayesubiri kutua ndoo kichwani.

Mgeni akaingia. Binti wa miaka ishirini na kitu, gauni la kitenge, mkoba begani, na mkononi kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu. Penina alilitambua kopo kabla hajamtazama mtu. Lilikuwa lake, na karatasi aliyoibandika mwenyewe ilikuwa bado ipo.

"Shikamoo dada. Samahani, hapa ndipo kwa dada Penina? Wa siagi ya karanga?"

"Marahaba. Ndipo. Ndiye mimi."

Binti akatupa mkoba chini, akainama, akamkumbatia Penina pamoja na ungo wake.

"Wifi! Jamani wifi yangu! Mimi ndiye Violeth. Violeth wa Buigiri. Usiniambie Zablon hajakwambia!"

Penina aliwajua mawifi zake wote, dada zake Zablon na wake wa kaka zake mwenyewe, kwa sura, kwa sauti na kwa maneno yao. Huyu hakuwemo.

"Zablon haongei sana," alisema taratibu.

"Ndivyo alivyo! Mara ngapi nimemwambia anilete nimsalimie dada yake, kila siku ni kesho. Nikajiambia, Violeth, utakaa na kopo la watu kabatini mpaka lini? Mama yangu alinilea nisirudishe chombo cha mtu kikiwa kitupu. Leo nimekuja mjini kununua nguo za sikukuu, nikaona nimpelekee wifi mwenyewe. Si limeandikwa hapa, Penina, Chang'ombe? Nimeulizia madukani, nikafika."

Akafungua mfuniko. Kopo lilikuwa limejaa asali mpaka shingoni.

"Ya nyuki wadogo. Mjomba wangu anafuga. Na siagi yako, wifi, nililamba mpaka kijiko kikaomba msamaha."

Penina alikumbuka siku kopo lile lilipotoka. Zablon, fundi wa pampu za visima, alikuwa anaondoka kwenda kazini vijiji vya Chamwino, ambako hulala wiki nzima na kurudi mwishoni mwa juma. Alisema: "Nifungie moja lililo zuri, la bosi." Penina akachagua lililosagwa laini kuliko yote.

Siku nyingine angepiga ukelele mpaka majirani wapande ukutani. Siku hiyo nguvu za ukelele hakuwa nazo. Alisogeza kigoda cha pili kwa mguu.

"Kaa, mdogo wangu. Nisaidie karanga."

Violeth akakaa, akapandisha mikono ya gauni, akaanza kufikicha. Alijua kazi.

"Na hongera, wifi!"

"Ya nini?"

"Ya harusi! Zablon ameniambia dada yake anafunga ndoa Jumamosi ijayo, ndiyo maana wikendi hapatikani hata kwa dawa. Anasema kila kitu kiko mikononi mwake, bila yeye hakuna harusi."

"Hapo hajadanganya. Bila yeye hakuna harusi."

"Bwana harusi yuko wapi nimsalimie?"

"Ametoka kidogo."

"Ni mtu mzuri?"

Penina alipepeta ungo. Maganda yakaruka, mengine yakamnasa kwenye nywele.

"Nimeishi naye siku nyingi," alisema.

"Una bahati. Mimi Zablon ananiambia nivumilie mpaka dada yake aolewe, maana ndiye aliyemlea na hawezi kumtangulia. Ukishaolewa tu wewe, ni zamu yetu."

Penina akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alitafuta ujanja kwenye uso ule, apate pa kushikia hasira. Hakuona kitu. Binti alikuwa anafikicha karanga za harusi ya mwenzake huku anatabasamu, na Penina alimwonea huruma, halafu akajichukia kwa kumwonea huruma. Lakini hakumwambia kwamba bwana harusi ni Zablon. Alitaka neno hilo alisikie kwanza kinywani mwa Zablon mwenyewe.

Alimpa glasi ya rosela. Violeth akanywa, akaacha namba yake ya simu, akaaga na "wifi" nyingine tatu. Karanga zilikuwa zimeisha kufikichwa.

Zablon alirudi jua likianza kupungua, ana rundo la utepe mwekundu wa kufungia makopo. Alikuwa na furaha yake.

"Bibi harusi! Mbona maembe hayajaguswa? Mama amenipigia, anasema shangazi Emilia wa Mlali amelalamika zawadi yake haijafika."

"Nimeona. Na mimi amenitumia ujumbe."

"Sasa?"

"Onja hii asali."

Zablon akachovya kidole, akalamba.

"Tamu. Ya wapi?"

"Ya bosi wako. Amerudisha kopo."

Kidole kikabaki mdomoni.

"Anaitwa Violeth," Penina aliendelea. "Kanikumbatia. Kaniita wifi. Kanisaidia karanga, jambo ambalo wewe hujalifanya tangu tuanze."

"Penina, nisikilize. Yule ni mtu wa kule kule kazini tu..."

"Usinichoshe, Zablon. Nimeshachoka."

Zablon akakaa chini, pale pale alipokuwa amekaa Violeth. Akajishika kichwa. Utepe ukamdondoka.

"Sawa. Nimekosea. Ilianza kama mchezo. Aliniuliza hiki kinachonukia vizuri kwenye begi kimetengenezwa na nani, nikasema dada. Nikidhani yataishia hapo."

"Yakaishia wapi?"

Zablon akaanza kuokota maganda ya karanga yaliyomwagika.

"Mimi nakuoa wewe," alisema mwishowe. "Si unaona? Nimekutangaza wewe kanisani, siyo yeye. Krismasi ipite, tumalize harusi kwanza, haya mengine nitayamaliza kimyakimya. Wewe si mtu wa maneno, Penina. Hiyo ndiyo sababu nakupenda."

Na Penina, tuseme ukweli, alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililomchosha kuliko karanga na maembe. Miaka tisa alikuwa anangoja mtu huyu asimame mbele ya watu aseme huyu ni wangu. Kama angelisema hata leo, hata kwa kuchelewa, hata akiwa na asali ya mwingine kidoleni, Penina angemenya maembe yale usiku kucha na kesho angekwenda kanisani.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Violeth. Weka sauti nje, nami nisikie. Sitaki umtukane wala umfukuze. Mwambie sentensi moja: Penina ni mke wangu. Basi. Ukishasema, mimi sitakuuliza tena maisha yangu yote."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Zablon akatoa simu. Akaitazama. Akapiga. Haikuita hata mara mbili.

"Mpenzi!" sauti ya Violeth ikajaa uani. "Ulikuwa wapi? Leo nimefika kwa wifi! Usinune, nilitaka iwe sapraizi. Jamani ana roho nzuri! Mbona hukuniambia amechoka hivyo? Unamwachia kazi zote peke yake?"

Zablon akamtazama Penina. Penina alikuwa ameshikilia ukingo wa ungo kwa mikono miwili.

"Haloo? Zablon?"

"Nipo," alisema Zablon. "Eee... ndiyo. Dada ameniambia umekuja."

Penina akafumba macho.

"Amesemaje? Amenipenda?"

"Amekupenda. Ngoja nitakupigia baadaye, hapa tuna kazi nyingi."

Akakata. Jirani alikuwa anatwanga kitu.

"Siwezi kumwambia kwa simu, Penina. Ni ukatili. Yule ni binti wa watu."

"Kwake ni ukatili."

"Nitakwenda nimwambie uso kwa uso. Baada ya harusi. Naapa."

"Haya."

"Haya nini? Tumeelewana?"

"Haya, nimesikia. Funga utepe kwenye makopo, mimi najilaza."

Zablon akashusha pumzi ndefu. Alidhani yamekwisha, masikini. Akaokota utepe wake, akaanza kufunga kopo moja baada ya jingine, na alifunga vizuri.

Chumbani Penina hakulala. Aliandika ujumbe, akaufuta, akauandika upya:

"Violeth mdogo wangu. Mimi siyo dada yake Zablon. Bwana harusi uliyeniulizia ni yeye. Nimeishi naye miaka tisa. Sikukwambia mchana, nisamehe kwa hilo. Sina ugomvi na wewe."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi.

"Dada Penina sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua. Nimekuita wifi mimi."

Halafu jingine:

"Ananipigia sasa hivi. Sipokei."

Penina akaweka simu chini ya mto. Alilia kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu kulia kwa nguvu nako ni kazi.

Asubuhi kanisa lilijaa, watu wamerudi mjini kutoka kila pembe kwa ajili ya sikukuu. Zablon alikaa pembeni ya Penina na shati jipya. Mbele yao alikaa mama yake, Bi Zipora, kichwani kilemba kikubwa, anageuka kila mara kuwapungia watu kama harusi ni yake. Zablon alikuwa amemwona Penina anavaa, anachana nywele, anachukua kitabu chake cha nyimbo. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Mchungaji Henry akafika kwenye matangazo.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho natangaza nia ya ndoa kati ya ndugu yetu Zablon na dada yetu Penina, wote wa kanisa hili. Mtu yeyote anayejua sababu ya halali ya kuzuia hawa wawili wasiunganishwe, aseme sasa."

Hakusubiri. Hakuna mchungaji anayesubiri pale. Alikuwa amekwisha kushika karatasi ya tangazo la kwaya ya mkesha wakati Penina aliposimama.

"Mchungaji, mimi."

"Wewe nini, Penina?"

"Nina pingamizi."

Kanisa likaguna. Mchungaji akavua miwani.

"Penina, hili tangazo ni la kwako."

"Najua, baba mchungaji."

"Kaa chini," Zablon akanong'ona, anamvuta kitenge. "Penina, nakuomba. Watu wanatuangalia."

"Ndicho nilichokuwa nataka, watutazame," alisema Penina, naye hakunong'ona. Akashika benchi la mbele. "Mchungaji, sitachukua muda. Huyu bwana anasema mimi ni dada yake. Amelisema Buigiri kwa mchumba wake wa huko, na jana amelisema tena, mimi nimekaa mbele yake nasikia kwa masikio yangu. Nilimwomba aseme mimi ni mke wake, ikamshinda. Sasa mimi kubishana naye nimechoka. Nimekubali. Na kama mimi ni dada yake, kanisa haliwezi kutufungisha ndoa."

Benchi la mwisho watu wakasimama ili waone.

Bi Zipora akageuka taratibu, kilemba na yeye. Hakumtazama Penina. Alimtazama mwanawe.

"Zablon."

"Mama..."

"Wanangu wa kike nawajua, niliwazaa mwenyewe. Huyu nilimzaa lini?"

Zablon akatazama kulia, akatazama kushoto, kama kuna mtu angemsaidia jibu. Kisha akainamisha kichwa, na shati lake jipya lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Wahusika tutaonana ofisini baada ya ibada," alisema mchungaji, akafunga kitabu.

Penina hakungoja ofisi. Alichukua kitabu chake cha nyimbo, akapita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha miguu. Mlangoni mama mmoja asiyemjua alimshika mkono kidogo, akamwachia. Jua la Dodoma lilikuwa limekwisha kuwaka. Alitembea mpaka nyumbani, akafunga geti kwa komeo, akavua viatu, akapanda kitandani na gauni lake la kanisani. Ilikuwa bado asubuhi, na hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa anamdai chakula. Akalala.