Kitabu cha Ukunga kwa Jina la Mkutubi

— Wifi! Kumbe wifi yangu ndiye wewe!

Vichwa vyote vya chumba cha kusomea viligeuka. Juu ya kaunta, kwenye orodha ya masharti kumi na mawili ya maktaba ya chuo, la kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa: KIMYA. Masharti hayo aliyachapa mkutubi mwenyewe, na hakuwa na mchezo nayo. Wiki hiyohiyo alishamtoa nje mhadhiri mzima kwa kutafuna karanga.

— Punguza sauti, mdogo wangu. Wifi yako kivipi?

Binti alijiziba mdomo, macho yanacheka. Alikuwa mwanafunzi wa ukunga, mwaka wa pili, amekuja kuongezewa muda wa kitabu kinene cha uzazi. Mkutubi alikipitisha kwenye mashine, na kwenye skrini likatokea jina lake yeye mwenyewe. Ndipo alipouliza kimekopwaje kwa jina lake, na binti akalipuka kwa furaha.

— Si Profesa ndiye aliyenikopea! Alisema ametumia kadi ya dada yake anayekaa kaunta. Anakusifia hadi basi, eti una roho nzuri.

Profesa hakuwa profesa wala nini. Lilikuwa jina la utani tu la kijana aliyekuwa anamalizia shahada ya pili ya ujenzi wa barabara. Wala hakuwa kaka wa mkutubi. Alikuwa mchumba wake wa miaka minne.

Sharti la saba lilisema kadi haiazimishwi. Kadi ya mwanafunzi inakopa vitabu viwili, ya mfanyakazi kumi. Profesa alimlilia hali na utafiti wake, na yule yule mwenye kuwasomea wenzake masharti akatoa kadi yake kwa mkono wake. Mapenzi haya, jamani!

— Mmeanza lini?

— Mwaka jana, wifi. Hajakuambia? Lo, huyo naye kwa siri!

Mkutubi alishusha simu chini ya kaunta, akaandika: "Njoo kaunta sasa hivi."

Jibu likarudi hapohapo: "Nakuja mke wangu. Nakuja na ile fomu ya kuhitimu, unisainie kwamba sidaiwi kitabu."

Profesa alishuka ngazi akitabasamu. Alipowaona wawili hao pamoja, tabasamu likamkauka.

— Mpenzi, nimeshamjua wifi, binti alinong'ona.

— Mwambie mimi ni nani wako, mkutubi akasema.

Profesa alitazama fomu yake. Binti akatazama pete kwenye kidole cha mkutubi, akamtazama tena Profesa, akaelewa. Aliondoka bila kitabu na bila neno.

Wakabaki wao, wakigombana kwa minong'ono kama wezi wanaogawana mali.

— Yule ni wa kupitisha muda tu. Haki ya Mungu.

— Ndiyo ukanifanya dada yako?

— Sasa ningesemaje? Tusikuze mambo. Futa hicho kitabu, nisainie, Desemba tuoane kama tulivyopanga.

— Na nisiposaini?

— Utamwambia nini bosi wako? Kwamba uligawa kadi? Mimi nitafungiwa mwaka mmoja tu. Wewe kazi huna.

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma mkutubi zaidi. Akinyamaza, angebaki na kazi na mume. Asubuhi angewakaripia watoto wa watu juu ya masharti, jioni angerudi kumpakulia huyu chakula. Alimchukia ghafla. Akavuta karatasi na kuanza kuandika. Jina la binti hakulitia.

— Unaandika nini? We! Si nakuuliza, unaandika nini?

— Watu wanasoma hapa. Ukipiga kelele nakutoa nje.

Mkuu wa maktaba, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, aliisoma barua hiyo ya kukiri mara mbili.

— Mwanangu, si ungeninyamazia tu?

— Ningeweza, mama.

— Sasa umenifunga mikono.

Siku ya tatu mkutubi akapewa barua ya kuachishwa kazi. Profesa akafungiwa mwaka mzima asihitimu. Alimpigia mkutubi simu mara kumi na nne bila kupokelewa, mwisho akatuma ujumbe: "Umeniua. Sijui hata nilikupendea nini."

Ijumaa, mkutubi akiwa anaondoa vitu vyake kwenye droo, binti alikuja, safari hii kwa sauti ya chini.

— Dada, asante kwa kutonitaja.

— Soma ufaulu, basi.

— Na nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nimemsamehe. Alikuja nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama. Alilia, dada, machozi kabisa.

Mkutubi aliacha kukunja sweta yake. Alitafuta hasira ya kumpa huyu mtoto, hakuipata.

— Alimwambia mama yako kwamba yeye yatima, amchukue kama mwanawe?

— Umejuaje? binti aliuliza.

— Mama yangu naye aliambiwa hivyohivyo. Miaka minne sasa anamwita mwanangu, akiumwa humpigia yeye kabla yangu. Leo jioni naenda kumwambia.

— Utamwambiaje?

— La kazi nimeshajua nitakavyolisema, mdogo wangu. La mwanawe ndilo sijui.