Sweta ya Gari la Mithika

Jikoni kwa Karwirwa, pale Nkubu, watu hawakosi. Anayekuja kuomba chumvi hukaa mpaka chai ya pili. Karwirwa huoka keki za harusi, na kila jirani hujiona ameitwa kuzionja.

Mumewe, Mithika, husafirisha ndizi kwa gari lao. Siku ya harusi huliosha na kubeba keki. Mwezi wa Julai Nkubu ilikuwa na baridi kali. Mithika alikunja gunia, akalipachika mbele ya injini, nyuma ya vyuma vya mbele.

"Hata gari linahitaji sweta," alisema. Watu wakacheka, wakasahau.

Agosti ikaja na harusi zake. Karwirwa alipata kazi ya kupeleka keki ya ghorofa tatu Siakago, kule chini kwenye joto. Jirani yake Cicily alipanda nyuma aishike keki. Cicily hapitwi na harusi, hata ya mtu asiyemjua.

Walipopita Embu, jasho lilianza kuwatoka.

"Baba Murithi, washa AC," Karwirwa alisema.

Mithika aliwasha ile mashine ya kupoza hewa. Hewa ilitoka baridi kidogo, kisha ikageuka ya moto.

"Hii ni AC au ni jiko?" Cicily aliuliza.

Walipofika, krimu ilikuwa imeteleza. Ghorofa ya juu ilikuwa imeinama. Juu yake, bwana harusi wa plastiki alikuwa amelala kifudifudi.

"Huyu ameanguka hata kabla ya kiapo!" mgeni mmoja alipiga kelele. Ukumbi mzima ulicheka. Karwirwa alitamani ardhi ipasuke.

Habari ilifika Nkubu kabla ya gari. Jioni hiyo Phyllis wa Siakago alipiga simu. Binti yake alikuwa anaolewa wiki mbili baadaye, na kazi ya keki alikuwa amempa Karwirwa.

"Mama Murithi, mimi nakupenda," Phyllis alisema. "Lakini watu wameniambia nitafute mwokaji mwingine. Nakupa nafasi hii moja. Keki yangu ije imesimama."

Usiku Karwirwa hakulala vizuri. Keki hii nayo ikianguka, nani wa kule chini atamwita tena?

"Ni gesi imeisha," Mithika alisema asubuhi. "Kuna kijana kando ya barabara anaongeza upesi upesi."

"Ameliangalia gari?"

"Hapana. Nimemweleza tu kwa simu."

"Basi hajui. Twende kwa mtu atakayeangalia kwanza."

Walikwenda Embu, kwa Igoki, mwanamke fundi wa AC za magari. Igoki alifuta mikono, akauliza kabla ya kugusa chochote.

"Hewa inatoka kwa nguvu?"

"Nguvu iko, lakini ni ya moto," Karwirwa alijibu. "Huanza baridi, halafu inabadilika."

"Tuongeze gesi tu, mama," Mithika alisema.

"Ngoja, mzee. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue inavuja. Ukiongeza bila kuziba, inavuja tena. Na ukiijaza kupita kiasi, AC haipozi."

Aliunganisha geji, akapima. Gesi ilikuwa ya kutosha. Akazima injini, akapiga magoti mbele ya gari. Aliingiza mkono, akavuta. Likatoka gunia, limejaa matope na majani makavu ya migomba.

"Hii nayo ni nini?"

Mithika alikohoa. "Ni... sweta."

Igoki alicheka mpaka akakaa chini. Karwirwa hakucheka. Alimtazama mumewe, akakumbuka yule bwana harusi wa plastiki.

"Baba yangu aliweka gunia kwa lori lake miaka yote," Mithika alijitetea.

"Lori la baba yako lilikuwa na AC?"

"Halikuwa na hata mlango wa pili."

"Haya. Angalia hapa." Igoki alionyesha kitu kama rejeta nyembamba. "Hii inaitwa kondensa. Gesi inachukua joto ndani ya gari, inalileta hapa, upepo unaliondoa. Wewe umezuia upepo. Ni kama kumfunika mgonjwa wa homa blanketi tatu. Joto litaenda wapi? Mashine ikizidiwa inajizima, mnabaki na hewa ya moto. Na injini ya siku hizi hujipasha moto yenyewe. Haitaki gunia."

Injini ilipopoa, Igoki aliosha kondensa kwa maji ya polepole. "Msitumie mashine ya kuoshea magari," alisema. "Nguvu yake inakunja hivi vibati." Alihakikisha feni inazunguka. Kisha akatoa filta, chujio la hewa ya ndani, nyuma ya kijidroo cha mbele. Ilikuwa nyeusi kwa vumbi. Akaweka mpya.

"Nyumbani mnaweza kuondoa takataka na kubadilisha filta. Lakini mabomba ya gesi msiyafungue kamwe. Gesi hiyo inaunguza ngozi na macho kwa baridi yake."

Jumamosi ya harusi, Mithika alifungua madirisha hewa ya moto itoke. Akayafunga, akawasha AC. Gari lilipopoa ndipo keki ikaingia.

Walipopita Embu, Cicily alianza kutetemeka. "Karwirwa, nimeganda! Zima!"

"Jifunike leso. Leo anayesikilizwa ni keki."

Phyllis alikuwa anasubiri mlangoni. Aliizunguka keki mara mbili. Ghorofa zote tatu zilikuwa zimenyooka. Bwana harusi wa plastiki alikuwa wima, amemshika bibi harusi wake.

"Mama Murithi," Phyllis alisema, "dada yangu anamwoza binti yake Desemba. Nimpe namba yako?"

Karwirwa alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Lile gunia walilifua, wakaliweka mlangoni pa jikoni wageni wafute miguu. Julai iliyofuata baridi ilirudi. Asubuhi moja Karwirwa alimkuta Mithika ameinama, analishika.

"Baba Murithi!"

"Nalikung'uta tu," Mithika alisema. Akalirudisha chini polepole.